Bia, Mbege na Tembo la Mnazi: Tofauti Ziko Wapi?



Safari hii tumechagua kuandika juu ya jambo ambalo wengi hawalitegemei kutoka kwa mafrateri wa falsafa: aina za bia na pombe, na kinachozitofautisha. Hatuandiki ili kumpigia mtu debe la kinywaji, wala ili kumtisha. Tunaandika kwa sababu katika vigango tunavyotumwa mwisho wa juma, Kibaha na Kisarawe, tumekuta watu wanakunywa vitu wasivyovijua, na wanahukumiana kwa vitu hivyohivyo wasivyovijua.

Mmoja anasema bia ni dhambi lakini mnazi ni chakula. Mwingine anasema mnazi ni mambo ya kishamba, bia ya chupa ndiyo ustaarabu. Wa tatu anaapa kwamba bia nyeusi ina nguvu kuliko nyeupe, na ushahidi wake ni kwamba ni nyeusi. Na mama mmoja wa jumuiya, upande wa Kisarawe, alitushika mkono baada ya Ibada ya Neno akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu tukiwa tumesimama: "Frateri, mwanangu anashinda kwa mgema tangu asubuhi. Nikimsema ananiambia, mama, mimi sinywi pombe, nakunywa mnazi tu, na hata Biblia haikuutaja mnazi. Nimjibu nini?"

Swali la mama huyu ni la kifalsafa hasa. Linauliza: pombe ni nini? Darasani tunajifunza kutoka kwa Aristotle kwamba ukitaka kueleza maana ya kitu, taja kwanza jenasi yake, yaani ukoo kinachoshiriki na wenzake, kisha taja tofauti inayokibainisha ndani ya ukoo huo. Binadamu ni mnyama. Huo ndio ukoo. Ana akili, hiyo ndiyo tofauti. Tuifanye kazi hiyohiyo kwenye chupa na kibuyu.

Ukoo mmoja: kazi ya hamira

Pombe zote, ziwe za kiwandani au za kilabuni, zinaanzia mahali pamoja. Kuna sukari ndani ya maji, na kuna hamira. Hamira ni kiumbe hai, kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na chakula chake ni sukari. Akiila, anatoa vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Kileo ndicho kinacholevya, na hewa ndiyo inayoleta povu na mapovu madogo unayoyaona yakipanda kwenye bilauri. Kwa maelfu ya miaka watu walitengeneza pombe bila kujua nani anayefanya kazi hiyo. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima kuhusu bia.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama yetu lipo tayari. Utomvu wa mnazi uliochacha una kileo kilekile kilichomo kwenye bia, kwenye divai na kwenye mbege. Hakuna kileo cha kizungu na kileo cha kienyeji. Kikiingia kwenye damu, ini halikiulizi kimetoka wapi.

Nafaka na utomvu

Tofauti kubwa ya kwanza iko kwenye swali hili: sukari inatoka wapi? Hapa ndipo palipotufurahisha sisi tulipoanza kusoma, maana mpangilio unaotokea si ule tuliouzoea mtaani.

Zabibu, asali, miwa na utomvu wa mnazi vina sukari tayari. Hamira ikifika tu, kazi inaanza. Nafaka haziko hivyo. Shayiri, mtama, ulezi na mahindi vina wanga, na hamira haiwezi kuula wanga moja kwa moja. Lazima kwanza wanga uvunjwe uwe sukari. Binadamu wa kale waligundua ujanja: loweka nafaka, iache iote, kisha ikaushe. Mbegu inapoota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake yenyewe, kwa ajili ya kulisha mche mchanga. Sisi tunamwibia mche chakula chake. Nafaka hiyo iliyooteshwa na kukaushwa ndiyo kimea. Kila mama anayejua uji wa kimea anajua kwamba ni mtamu bila kutiwa sukari. Utamu huo ndio tunaouzungumzia.

Bia, kwa maana yake kamili, ni pombe ya nafaka iliyopitia kwenye kimea. Ukiishika tofauti hiyo, komoni ya mahindi na ulezi inayonywewa kilabuni ni ndugu wa damu wa laga ya kiwandani. Tembo la mnazi si bia kabisa. Ni binamu wa divai, kwa sababu halikupitia kwenye kimea. Kadhalika ulanzi wa Iringa unaogemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, na wanzuki wa asali. Yule anayesema bia ya chupa ni kitu cha kisasa na komoni ni kitu cha kishamba anatofautisha kioo na kopo, hajatofautisha vinywaji.

Kibaha ni mahali pazuri pa kuyaona haya kwa sababu mji umekua kando ya barabara ya Morogoro kwa watu wa kila mkoa. Ukiwauliza wazee wa jumuiya moja tu wakutajie pombe za kwao, unapata ramani ya nchi. Mhaya atakutajia rubisi, ya ndizi na mtama. Mchaga atakutajia mbege, na hapo kaa chini, maana haelezi kwa kifupi. Mbege ni mseto: ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa zichache kwa siku kadhaa, kisha unaongezwa uji wa kimea cha ulezi. Inatiwa pia gome la mti uitwao msesewa, ambalo ni chungu. Kwa mizani yetu mbege imesimama na mguu mmoja kwenye matunda na mwingine kwenye nafaka, na huo ni ukumbusho kwamba vitu halisi havijali sana mipaka ya madaftari yetu.

Lishikeni gome hilo la msesewa akilini. Wazungu nao wana uchungu wao.

Laga, eli na nyeusi

Bia za kiwandani zinatiwa hopsi, ambayo ni maua ya mmea unaotambaa, hukua kwenye nchi za baridi. Yanaleta uchungu na harufu, na tena yanazuia bakteria wa kuharibu kinywaji. Mmoja wa waandishi wa mwanzo kulieleza jambo hilo ni mtawa, Mtakatifu Hildegard wa Bingen, aliyeishi tangu 1098 hadi 1179, na ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Aliandika kwamba uchungu wa mmea huo unafanya vinywaji vidumu. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria, Ujerumani, waliamuru kwamba bia itengenezwe kwa vitu vitatu tu: shayiri, hopsi na maji. Hamira hawakuitaja.

Ndani ya bia za namna hiyo kuna koo ndogo mbili, na kinachozitenga ni hamira yenyewe na baridi.

Eli ni ya kale zaidi. Hamira yake ni jamii ileile ya hamira ya maandazi, inapenda joto la kati, nyuzi 15 hadi 24 hivi, inafanya kazi haraka na kupanda juu pamoja na povu. Inaacha harufu za matunda. Laga hutumia hamira nyingine, inayovumilia baridi ya nyuzi 7 hadi 13, inafanya kazi polepole na mwisho inatuama chini ya pipa. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi ghalani, kwa sababu bia hiyo ilikuwa inawekwa mapangoni na kwenye maghala ya baridi kwa majuma mengi. Wataalamu wanatuambia hamira ya laga ni chotara: mzazi mmoja ni hamira ya maandazi, na mzazi mwingine ni hamira ya baridi ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imepatikana kwenye misitu ya Patagonia, Amerika ya Kusini. Namna ilivyofika Ulaya ni fumbo ambalo tunawaachia wenyewe.

Laga za mwanzo zilikuwa za rangi nzito. Ile ya dhahabu tunayoijua ilizaliwa mwaka 1842 katika mji wa Pilsen, huko Bohemia, mikononi mwa Josef Groll kutoka Bavaria. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, aliweza kuikuza hamira ya laga ikiwa safi bila mchanganyiko. Tangu hapo kiwanda kingeweza kutoa ladha moja leo na mwakani, na hiyo ndiyo sababu kubwa laga imeenea duniani kote.

Ilifika na kwetu. Kiwanda cha bia cha Dar es Salaam kilianzishwa 1933, wakati wa mkoloni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kikaingia mikononi mwa dola, na 1993 kikabinafsishwa kwa ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Kilimanjaro, Safari, Serengeti: karibu kila chupa mtu anayoagiza Maili Moja au Mlandizi ni laga. Wanaobishana baa kwamba ipi ni bora wanabishana juu ya ndugu wa tumbo moja.

Muhudumu atauliza, "Baridi au ya moto?" Wapo wanaoamini kwamba ya moto inalevya zaidi. Hapana, kileo ni kilekile. Baridi inaufanya ulimi usisikie vizuri uchungu na harufu; ndiyo maana laga nyepesi huonekana tamu zaidi ikiwa imetoka kwenye friji.

Sasa ile nyeusi. Weusi unatokana na kimea au shayiri iliyokaangwa hadi ikaungua kama kahawa. Basi. Nafaka iliyokaangwa kidogo inatoa bia ya dhahabu, ikizidi kidogo inatoa nyekundu, ikiungua inatoa nyeusi yenye ladha ya kahawa. Lugha ya falsafa ingesema rangi hapa ni sifa ya nje inayoweza kubadilika bila kuibadilisha nguvu ya kinywaji. Bia nyeusi za aina ya stauti, kama Guinness, ambayo historia yake ilianza Dublin mwaka 1759, zina matoleo mengi: ile ya bomba inayonywewa Ireland ina kileo asilimia 4 na kidogo, chini ya laga nyingi za hapa, ilhali toleo la chupa linalouzwa Afrika lina nguvu zaidi. Zote ni nyeusi. Kwa hiyo tusisome rangi, tusome lebo.

Habari ya tembo

Turudi kwenye mnazi, maana huko Kisarawe ndiko penye jambo.

Mgema anapanda kwa vidato alivyochonga kwenye shina. Juu anachagua karara ambalo halijapasuka, analifunga, analiinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha analikata ncha kwa kotama. Utomvu unadondoka ndani ya kibuyu, au siku hizi ndani ya galoni la plastiki. Asubuhi na jioni anarudi kulichonga tena ili jeraha lisizibe. Karara lililogemwa halizai nazi. Kila mwenye shamba analijua hesabu hilo, na ndiyo sababu mgema na mwenye mnazi hupatana kwanza.

Utomvu ukitoka kwenye karara ni mtamu na hauna kileo. Ungeuchemsha papo hapo ungebaki kinywaji cha watoto, na ukiendelea kuuchemsha ungepata asali. Lakini hamira na bakteria wamo hewani na wamo ndani ya kibuyu kutoka jana. Kuchacha kunaanza kabla mgema hajashuka. Baada ya saa chache kileo kipo lakini kidogo. Ikifika jioni, au kesho yake asubuhi, kinaweza kufika asilimia 5 hivi, sawa na bia ya chupa. Ukikaa zaidi, bakteria wengine wanakigeuza kileo kuwa siki.

Hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote tulizotaja. Laga imefungwa: hamira imeondolewa au imeuliwa, lebo inasema asilimia 4.5 au 5.5, na mwezi ujao itakuwa ileile. Tembo liko hai. Linabadilika mkononi mwa mnywaji. Kijana aliyezoea kopo nne za saa mbili asubuhi, akinywa kopo nne za saa kumi na mbili jioni, hajanywa kiasi kilekile. Ulimi unamwambia tu kwamba utamu umepungua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa suala letu hilo la maji ni afadhali. Tatizo ni mwenye haraka anayelitia sukari ili lichachuke kwa nguvu, naye mnywaji hajui.

Tuwafanyie hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi, ambazo ni gramu 20 hivi. Lita moja ya tembo la jioni lenye asilimia 5 ina gramu 40, yaani chupa mbili. Mililita 200 za pombe kali yenye asilimia 35 zina gramu 55, karibu chupa tatu ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Na mwili wa mtu mzima unaondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja, basi, ni zaidi ya saa mbili. Kahawa, maji baridi, kuoga, havibadilishi hesabu hiyo. Dereva wa bodaboda aliyekunywa chupa nne hadi saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi akimpakia mwanafunzi, bado ana kileo kwenye damu ingawa amelala na kuamka.

Kijana wa mama yetu, kwa maelezo ya mama, hupata kama lita mbili kutwa. Kama sehemu kubwa ni tembo la jioni, hiyo inakaribia gramu 80, sawa na chupa nne za bia kila siku ya Mungu. Angekuwa anakunywa chupa nne baa, kijiji kizima kingesema. Kwa kuwa ni mnazi, na bei yake ni ndogo, watu wananyamaza.

Gongo ni jambo jingine

Hapa tutakuwa wakali kidogo. Gongo si aina ya bia wala ya tembo. Ni pombe iliyokenekwa: unachemsha pombe iliyochacha, kileo kinageuka mvuke kwenye nyuzi 78 kabla maji hayajafika 100, mvuke unapozwa, unapata kinywaji kikali mara kadhaa. Kukeneka si uovu. Hospitali zinahitaji spiriti. Ila aliyeko porini hana kipimo. Matunda kama mabibo, ambayo Kisarawe yanaanguka mengi msimu wa korosho, yana pektini, na kutoka kwayo hutokea methanoli kidogo, sumu inayochemka mapema kuliko kileo. Hatari kubwa zaidi ni wauzaji wanaochanganya methanoli ya viwandani ili kuongeza ukali. Kiasi kidogo chake kinapofusha macho, kikizidi kinaua. Mwezi Novemba 2000, katika kitongoji cha Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Huwezi kuitambua kwa rangi, harufu wala ladha. Wanaoamini kuwa kuiwasha moto na kuangalia rangi ya mwali kunatosha, wanabahatisha na macho yao.

Sheria yetu inakataza gongo, na sababu si kwamba ni ya maskini. Serikali ilipiga marufuku hata viroba, vile vifuko vya pombe kali halali, tangu tarehe 1 Machi 2017, kwa kuwa vilikuwa rahisi mno kufika kwa watoto wa shule na madereva.

Mtakatifu Thomas alisema nini

Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 149, Mtakatifu Thomas wa Akwino anauliza kama kunywa divai ni haramu. Anajibu kwamba hakuna chakula wala kinywaji kilicho kiovu kwa asili yake, akitegemea neno la Bwana kwamba kinachoingia kinywani hakimtii mtu unajisi. Lakini kinaweza kuwa kibaya kwa sababu ya hali: kwa mtu ambaye kinamdhuru kirahisi, kwa aliyeweka nadhiri ya kutokunywa, kwa anayepita kiasi, au kwa kuwakwaza wengine.

Sababu hiyo ya mwisho ina uzito wake hapa Pwani. Majirani zetu wengi ni Waislamu. Tumeona harusi ambamo kreti zimepangwa mlangoni, mahali ambapo mama mkwe mwenye hijabu lazima apite akija kumpongeza bibi harusi. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Warumi, tayari alishasema juu ya kuacha nyama na divai kwa ajili ya ndugu. Kreti zinaweza kukaa nyuma ya nyumba.

Swali la 150 ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Thomas anatofautisha walevi watatu. Wa kwanza hakujua kuwa kinywaji kina nguvu; huyo anaweza kulewa bila dhambi, na wengi wamemwona Nuhu hivyo. Wa pili anajua kuwa amezidisha kiasi lakini hadhani kuwa kitamlevya. Kosa lake ni dogo. Wa tatu anajua vyote viwili na bado anachagua kulewa. Huyo anatenda dhambi ya mauti, kwa kuwa kwa hiari yake ameitupa akili ambayo kwayo angetenda mema na kukwepa mabaya. Angalieni kinachowatenga: ni ujuzi wa kinywaji. Mtu hawezi kuwa na kiasi katika kitu asichokijua kipimo chake. Hivyo kujua tembo la asubuhi na la jioni, kusoma lebo, kupiga hesabu ya gramu, vimo ndani ya fadhila yenyewe. Na pia, tuseme ukweli, baada ya kusoma makala hii hatuwezi tena kujihesabu na Nuhu.

Kwa mafrateri wenzetu: Thomas anaongeza kwamba kiasi kinadaiwa zaidi kwa vijana, wazee, watumishi wa Kanisa na watawala. Sisi tumo mara mbili.

Kuhusu Biblia kutoutaja mnazi: malaika alimwambia Zakaria kwamba mwanawe hatakunywa divai wala kileo. Neno hilo la pili, kwa Kiebrania, linabeba vinywaji vyote vinavyolevya visivyo divai. Mtakatifu Yeronimo, akimwandikia padre kijana Nepotianus, alilifafanua: ni kila kinywaji cha kulevya, kiwe cha nafaka, cha matunda, cha asali au cha tunda la mtende lililokamuliwa. Hakuwa amefika Kisarawe, lakini mnazi umeingia.

Kanisa na pipa

Wapo watakaoshangaa kwamba Kanisa lina historia ndefu na bia. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliwapimia watawa divai ya siku, huku akiwasifu wanaoweza kuiacha. Kaskazini ya Ulaya, pasipoota zabibu, watawa wakapika bia, na hadi leo Watrapisti wa Ubelgiji kama wa Orval na Westmalle wanapika eli nzito na kujipatia riziki na sadaka za maskini. Rituale Romanum, kitabu cha zamani cha ibada, kina baraka mahususi ya bia.

Lakini Kanisa lilijua pia bia inaishia wapi. Mwaka 1241 Papa Gregori IX alimwandikia Askofu Mkuu Sigurd wa Nidaros, Norway, ambako watoto wengine, kwa kukosa maji, walikuwa wamebatizwa kwa bia. Jibu: ubatizo huo si halali, maana ni lazima kuzaliwa kwa maji na Roho. Bia ni maji kwa sehemu kubwa, lakini watu hawaiiti maji. Na kwa Misa, kanoni ya 924 inadai divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Tuliposema tembo ni binamu wa divai hatukumaanisha altareni. Kigango kikikosa divai, Misa inasubiri.

Mama yetu alikuwa na swali la pili, dogo, ambalo aliuliza huku akicheka. Yeye mwenyewe, kama mama wengi wa huko, huumulia vitumbua kwa tembo badala ya hamira ya dukani. Je, anawalevya watoto wa jumuiya? Hapana, mama. Hamira iliyomo kwenye tembo inaumua unga kwa hewa ya ukaa, kileo ni kidogo tangu mwanzo, na sehemu kubwa inatoka na mvuke kwenye kikaango. Vilikuwa bado vya moto alipotuletea, pamoja na chai ya tangawizi, na sahani haikurudi na kitu.